Punda wangu kaumia mgongo, nimwite tena mtu wa mifupa?

Assalam aleykum daktari, na shikamoo, maana nimeambiwa umri wako ni wa mama yangu.

Mimi ni kijana wa miaka 27, mkaazi wa Lamu mjini. Baba alipofariki mwaka juzi alituachia nyumba, deni dogo la dukani, na punda dume mmoja anayeitwa Tajiri. Jina alimpa baba kwa mzaha, kwa kuwa wenyewe hatuna kitu. Huyo Tajiri ndiye anayetulisha, mimi, mama na wadogo zangu wawili. Nabeba mchanga, mawe, saruji, siku nyingine mitungi ya gesi na mizigo ya wageni kutoka gatini. Siku njema, nikishatoa chakula chake na changu cha mchana, hubaki na shilingi 600 mkononi.

Tangu Ramadhani iishe tumepata kazi ya nyumba inayojengwa Shela. Nachukua saruji, mifuko miwili kwa kila safari, safari nne kwa siku, tunapita pwani maji yakitoka. Tulipoingia mwezi wa pili wa kazi hiyo Tajiri akaanza vituko. Nikileta matandiko anarudisha masikio nyuma na kuning'ata, naye hajapata kuning'ata tangu nimjue. Nikimpakia, mgongo anaukunja juu kama paka, halafu anaubonyeza chini. Anakwenda hatua fupi fupi, na akifika penye ngazi anagoma. Wapita njia wanacheka, wanasema punda kaota uvivu.

Shemeji yangu ana rafiki yake wa bara ambaye ni mtu wa mifupa, huwaunga watu walioteguka mabega na nyonga. Alikuja akampapasa Tajiri, akasema pingili mbili za mgongo zimehama. Akapanda juu ya tofali, akaweka viganja viwili mgongoni, akasukuma kwa ghafla. Nilisikia kwa masikio yangu: ko! Tajiri akashtuka, kisha akatulia, akalambalamba midomo na kupiga miayo mara mbili. Yule bwana akasema hiyo ndiyo dalili kwamba mfupa umerudi. Akaniagiza nisimbebeshe kitu siku tatu. Nikalipa 1,500.

Daktari, siku hizo tatu Tajiri alikuwa kama mtoto wa punda, anarusha miguu uwanjani. Siku ya nne nikampakia, jioni yake akaanza tena kubonyea. Siku ya tano akaning'ata.

Sasa mtu wa mifupa anasema mfupa umehama tena, na safari hii ataka kumfanyia mara tatu mfululizo, jumla 4,500. Anasema Marekani na Ulaya farasi wa mamilioni wanafanyiwa hivi hivi. Shemeji amenionyesha video kwenye simu na kweli nimeona. Ami yangu hataki kusikia. Yeye asema punda akishaharibika mgongo ni wa kuuza, na anamjua mnunuzi wa bara asiyechagua. Mama analia, hataki punda wa marehemu auzwe. Hospitali ya punda tunayo, lakini naogopa wataniambia apumzike mwezi mzima, na sisi tutakula nini?

Nakutumia picha mbili. Ya kwanza ni ya mgongo. Hauna kidonda, ni nywele nyeupe tu upande wa kulia ambazo nadhani zamani hazikuwapo. Ya pili amesimama. Kwato za mbele zimerefuka kidogo lakini hazijapasuka. Shogi la baba, yale matandiko ya kubebea mizigo, lilioza, siku hizi natumia magunia mawili na kamba ya nailoni, inashika vizuri zaidi.

Nimlipe mtu wa mifupa, au nimwachie ami amuuze?

Mwana wa marehemu, Lamu

*

Waaleykum salaam, na marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa mkono ulioumwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza macho yangu yalikwenda kwa mtu wa mifupa, kama yalivyokwenda yako. Mara ya pili nikaona kwamba karibu kila nilichotaka kukuuliza umekwisha kunijibu, ila majibu umeyatia mwishoni kabisa, baada ya picha, kama mambo yasiyo na uzito. Nywele nyeupe. Kwato. Magunia na kamba. Na juu kule, kwa kupita tu, mifuko miwili.

Usimlipe tena. Wala usimuuze. Sababu ni ndefu kidogo, basi kaa nami.

Tuanze na zile siku tatu. Wewe umehesabu kwamba mkono wa yule bwana ulimponya Tajiri, kisha mfupa ukamsaliti. Mimi nahesabu hivi: siku ya kwanza hakubeba, akawa mzima. Siku ya pili hakubeba, akawa mzima. Siku ya tatu kadhalika. Siku ya nne akabeba, akaumwa. Mtu wa mifupa alitoa dawa mbili kwa pamoja, msukumo na mapumziko, na sifa zote ukaupa msukumo kwa kuwa ndio uliopiga kelele. Laiti angemsukuma na kukwambia umpakie jioni ile ile, tungejua mengi.

Na kelele yenyewe? Ile *ko* si mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo mna majimaji ya kulainisha, na pande mbili za kiungo zikitenganishwa kwa ghafla, uwazi wa hewa huzuka ndani ya majimaji yale. Ukijivuta vidole unaisikia hiyo hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliweka kidole cha mtu ndani ya mashine ya MRI wakakivuta huku wanapiga picha, na uwazi ule ukaonekana ukizuka. Kidole hakikuwa kimehama kabla, na hakikurudi popote baadaye.

Sina nia ya kumvunjia heshima fundi huyo. Bega la binadamu huchomoka kweli, na wapo mikono yao mizuri wanaolirudisha. Lakini bega ni kama mchi uliosimama kwenye kinu kifupi, hutoka na hurudi. Mgongo wa punda haukujengwa hivyo. Una pingili 18 za kifua, kila moja imeshikana na jozi ya mbavu, kisha kwa kawaida 5 za kiuno, na zote zimefungwa kwa kano nene tangu shingoni hadi mkiani. Zile nundu ulizozoea kuzigusa katikati ya mgongo ni ncha za juu tu. Viungo vyenyewe viko chini zaidi, vimefunikwa na misuli ambayo kidole hakiwezi kuipita. Na pingili mbili zikihama kweli, ule ugwe wa neva unaopita katikati yake hubanwa. Punda wa namna hiyo hajikunji kama paka wala haumi mtu. Huyo ameanguka, au anaburuta miguu ya nyuma. Tajiri wako alirusha miguu uwanjani.

Sasa hizo video. Shemeji hakukudanganya, mambo hayo yapo. Yanaitwa kairopraktiki. Yalianzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, pale D. D. Palmer alipomsukuma pingili ya mgongo mfagizi aitwaye Harvey Lillard, aliyekuwa kiziwi, akadai kwamba masikio yamefunguka. (Mshipa wa usikivu haupiti mgongoni hata kidogo, lakini hadithi nzuri haizuiliki.) Baadaye yakahamia kwa wanyama, hasa farasi na mbwa. Mwaka 1989 Sharon Willoughby, daktari wa wanyama aliyesomea na kairopraktiki, alianzisha chama cha American Veterinary Chiropractic Association. Anayetaka cheti chao sharti awe tayari ni daktari wa wanyama au tabibu wa kairopraktiki, kisha asome saa zaidi ya 200 juu ya hapo. Kwa hiyo wengi wa wale unaowaona wamepanda juu ya mafungu ya nyasi kavu wamesoma, na farasi mara nyingi amekwisha kupimwa, amepigwa picha, kwato zimekatwa na tandiko limepimwa upya. Hayo video haikuonyeshi, maana hayachekeshi wala hayapigi kelele.

Je, yanasaidia? Kwa farasi kuna dalili kwamba yanasaidia kiasi. Upo utafiti uliotoka mwaka 2008, na mmoja wa waandishi wake ni Kevin Haussler, ambaye ni daktari wa wanyama na tabibu wa kairopraktiki pia. Walichukua farasi 38, wakapima mgongo unastahimili kubonyezwa kwa nguvu kiasi gani kabla mnyama hajashtuka. Baada ya siku saba ustahimilivu ulikuwa umepanda asilimia 27 kwa waliofanyiwa kairopraktiki, asilimia 12 kwa waliokandwa tu, na asilimia 8 kwa waliopewa dawa ya maumivu. Namba nzuri. Ila farasi hao hawakuwa na dalili yoyote ya maumivu walipoanza, na hapakuwa na aliyekuwa akiwapandisha saruji kilo mia siku ya nne. Ndiyo kusema, hata mkono uliosoma hupunguza mkazo wa misuli kwa siku kadhaa. Kinachouleta mkazo hauwezi kukiondoa. Kulamba midomo na kupiga miayo nako kusikubabaishe. Mnyama hufanya hivyo akipata ahueni, na hufanya hivyo pia hofu inapomtoka. Mtu mgeni amekupandia juu ya tofali akakusukuma ghafla, akishuka hata wewe utavuta pumzi.

Basi tuje kwenye kinacholeta.

Mfuko wa saruji ni kilo 50. Miwili ni kilo 100. Punda wetu wa pwani ni wadogo. Tuseme Tajiri ana kilo 140, na huenda nimemzidishia. Wengi wanaoshughulika na punda wa mizigo hukadiria theluthi ya uzito wake kuwa mwisho wa mzigo wa mgongoni, na hapo ni kwa punda mzima, mwenye matandiko mazuri, kwenye ardhi ngumu isiyodidimia. Theluthi ya 140 haifiki 47. Hata mfuko mmoja umepita. Kama wewe una kilo 60, ni sawa na kukutwika kilo 43 kila asubuhi, kutoka mjini hadi Shela, kilomita kama tatu za mchanga unaodidimia, uende na kurudi, mara nne. Tungekuona nawe unajikunja mgongo. Wahenga wetu walisema *punda afe, mzigo wa bwana ufike*, lakini wao walikuwa na punda wengi. Wewe unaye mmoja.

Halafu magunia na kamba. Umesema inashika vizuri zaidi. Ndiyo, inashika nyama. Shogi la marehemu, hata kama lilikuwa la miaa tu, lilitawanya uzito ubavuni huku na huku. Magunia mawili yaliyolazwa juu ya mgongo yanakandamizwa na mzigo hadi yanakuwa kama kitambaa, na uzito wote unalalia zile ncha za mifupa katikati. Kamba ya nailoni nayo hulegea kidogo kila hatua, mzigo unacheza, na penye kucheza ndipo panapochubuka. Nywele nyeupe za upande wa kulia ni kovu. Ngozi ikibanwa muda mrefu, chembe zinazoipa nywele rangi hufa, na nywele zikiota upya huota nyeupe. Mgongo hauna kidonda juu, lakini umekwisha kuumia chini. Na kwa kuwa ni upande mmoja tu, nina hakika mfuko wa kulia unaning'inia chini kuliko wa kushoto. Kesho mpige picha kwa nyuma akiwa na mzigo mwepesi, utaona mwenyewe.

Matandiko hayahitaji pesa nyingi. Tengeneza mito miwili minene ya gunia safi, ijaze majani makavu au makumbi yaliyochambuliwa vizuri, ishone pamoja ukiacha mfereji katikati upana wa vidole vinne, ili uti wa mgongo uwe ndani ya mfereji na usiguswe na kitu. Ukiisha kuiweka, pitisha mkono kwa mbele: mwanga uonekane hadi upande wa pili. Juu yake ndipo shogi jipya lije. Na pale kamba inapopita chini ya tumbo na chini ya mkia, ivishe kitambaa cha pamba au tumia mkanda mpana. Nailoni tupu iache ifunge mashua.

Sasa kwato, na hapa nina aibu yangu ya kukusimulia. Nilipokuwa bado mpya kazini niliitwa bara kumtazama punda wa mkokoteni aliyekuwa anabonyea mgongo kama wako. Nikapapasa, nikapata misuli migumu kama ubao pande zote mbili za kiuno, nikatangaza kwamba ni mgongo. Nikampiga sindano, nikaandika siku tano za mapumziko, nikakusanya vyombo vyangu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwembe anasuka kamba akainuka bila kusema neno, akashika mguu wa mbele wa kushoto, akaukunja juu ya goti lake, akachokoa kwa msumari. Ikatoka kokoto, na nyuma yake usaha mweusi unaonuka. Punda alikuwa akiukwepa mguu ule kwa majuma, anautupa uzito nyuma, na mgongo ndio uliokuwa ukilipa. Mzee akanirudishia macho tu. Tangu siku hiyo sigusi mgongo kabla sijainua miguu minne.

Katika picha yako ya pili Tajiri ameisogeza miguu ya mbele mbele kidogo, kama anayeegemea nyuma. Yawezekana ni siku tu alivyosimama. Yawezekana vidole vya kwato vimerefuka vinamsukuma. Yawezekana pia ni uvimbe wa ndani ya kwato, unaokuja punda akilishwa pumba, mkate na unga kwa wingi, na huo ni ugonjwa wa kuharakia. Kwato za punda zinataka kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, hata kama hazijapasuka, na punda anayeshinda kwenye mchanga laini hazisuguliki zenyewe. Shika kwato za mbele kwa kiganja asubuhi kabla jua halijapanda. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, au ukihisi mshipa unapiga kwa nguvu juu ya kisigino, hiyo si kazi yako wala ya shemeji, ni ya daktari siku hiyo hiyo.

Mgongo nao unaweza kuupima mwenyewe. Ngoja Tajiri awe amepumzika, amefungwa mahali tulivu, na mtu anayemjua asimame kichwani. Anzia pale nundu ya mabega inapoishia, weka ncha za vidole upana wa kiganja kando ya uti, bonyeza taratibu kama unayepima embe, ushuke hadi kiunoni. Usitazame vidole, tazama uso wake. Ngozi ikitetema kama inayofukuza nzi, si neno. Masikio yakigeuka, macho yakikazika, mgongo ukikimbia chini ya vidole, hapo pana maumivu. Paweke alama ya chokaa, fanya upande wa pili, kisha leta magunia yako uyaweke kama unavyoyaweka siku zote. Ukikuta alama za chokaa ziko chini ya kamba na pembe za mfuko, utakuwa umeuona ugonjwa kwa macho yako.

Zipo dalili ambazo hazitaki kungoja wala mkono wa mtu: akiburuta ncha za kwato za nyuma, akiyumba, akijikwaa kwa miguu ya nyuma, mkia ukilegea kama kamba, au akishindwa kukojoa. Hapo mtu akimsukuma mgongo anaweza kummaliza. Na jambo moja ambalo wenye punda wengi hawaambiwi: punda huficha maumivu. Ukimwona amezubaa tu kando, hataki kula, jua kwamba ameumwa kwa muda. Punda aliyeacha kula, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kumuua kwa siku chache. Usiseme tumwangalie hadi kesho. Wala usimpe vidonge vya binadamu, au dawa iliyobaki kwa mwenye farasi. Mwili wa punda huzitoa baadhi ya dawa za maumivu upesi kuliko wa farasi, kwa hiyo kipimo na saa vinataka anayejua.

Najua umekuwa ukingoja nifike kwenye pesa. Mtu wa mifupa amekula 1,500 na anataka 4,500. Jumla 6,000. Kwa hesabu yako ya 600, hizo ni siku kumi za kazi. Yaani kwa pesa ile ile ungeweza kumpumzisha Tajiri siku kumi, mama na wadogo zako wakala kama kawaida, na mapumziko ndiyo pekee tuliyokwisha kuona kwa macho kwamba yanamfaa. Unaogopa hospitali watakuagiza mwezi. Huenda wakakwambia majuma mawili, huenda zaidi, sijui kabla hawajamgusa. Lakini kupumzika si kufungwa kambani. Atembee bila mzigo, ajigaragaze, ale majani. Na siku zile unaweza kuongea na mwenye nyumba ya Shela: saruji ije kwa mashua hadi ufukweni, wewe na wenzako mwipandishe kutoka hapo hadi kwenye ujenzi. Tajiri akirudi kazini, mfuko ugawe kwenye magunia mawili ya kilo 20 huku na 20 huku, zilizobaki zingoje safari nyingine. Mwenye nyumba akinung'unika, mwambie saruji haiozi kwa siku mbili.

Mikono yako mwenyewe nayo ina kazi, baada ya daktari kumwona na kuridhika. Asubuhi kabla ya matandiko, mkande kwa kiganja kizima, si kwa vidole, uichue misuli ya pande mbili za uti kwa kuzungusha pole pole, dakika tano kila upande. Kisha chukua ganda la embe, mwonyeshe karibu na ubavu wake ageuze shingo kulifuata, hesabu hadi tano, kisha apate. Upande wa pili. Halafu katikati ya miguu ya mbele, ainamishe kichwa. Mwaka 2011 mazoezi ya namna hii yalijaribiwa kwa farasi wanane kwa miezi mitatu, na misuli midogo inayoshika pingili ilinenepa. Hakuna anayepanda juu ya tofali, na ganda la embe ni bure.

Hospitali yenyewe usiiogope. Lamu mna bahati ambayo miji mingi haina. Ile ya punda ilifunguliwa mwaka 1987, baada ya Elisabeth Svendsen, mwanzilishi wa The Donkey Sanctuary ya Uingereza, kufika kwenu na kuwaona punda wakibeba mji mzima mgongoni. Nenda na Tajiri, nenda na magunia na kamba pia, uwaambie mifuko ni miwili. Usiifiche hiyo.

Kuhusu ami, zungumza naye kwa adabu, lakini muulize huyo mnunuzi asiyechagua anampeleka wapi punda mwenye mgongo mbovu. Unajua yaliyopita hapa Kenya tangu 2016, machinjio yalipofunguliwa na ngozi za punda zikawa zinapelekwa China kuchemshiwa dawa iitwayo ejiao. Serikali iliyafunga 2020, mahakama ikalitengua agizo hilo 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Kwa hiyo anayekuja usiku kununua punda mgonjwa bila kuchagua, mimi simdhanii kwamba anakwenda kumbebesha mchanga.

Shemeji naye asije akaninunia. Mwambie kwamba sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo inamtaka anayetibu wanyama kwa malipo awe amesajiliwa, rafiki yake asije akajikuta matatani kwa wema. Lakini usimtishe nayo sana, kwa sababu Sura ya 360, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inahesabu kumzidishia mnyama mzigo kuwa kosa, na hapo mwenye mifuko miwili ni wewe.

Ile picha ya pili imekatwa chini, kwato za nyuma sizioni. Nitumie nyingine: asimame kwenye sakafu ngumu, simu iwe chini usawa wa magoti yake, ubavuni, asubuhi kabla hajabeba kitu.